Mgonjwa wa Mtihani

Aliyebuni programu yetu ya shahada namtakia maisha marefu, ili siku moja alazwe wodini na aletewe mmoja wa wanafunzi wake.

Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa uchovu. Vyuo vingine mtu husoma udaktari darasani, anahitimu, anavaa joho, anapiga picha na shangazi zake, ndipo anakwenda kufanya utarajali akiwa na shahada yake mkononi. Chuo chetu kikaona huo ni uzembe. Kikaunganisha. Darasa na wodi vikawa kitu kimoja, na mwaka wa mwisho tukawa tunaishi hospitalini, hospitali moja ya Temeke ambayo siitaji, tukiitwa wakaazi, tukilala kwenye bweni nyuma ya chumba cha kufulia. Mwishoni kuna mtihani wa mgonjwa mmoja. Unaachwa naye saa nzima, unamhoji na kumpima, kisha wasimamizi wanakuja unawaeleza. Ukifaulu, wewe ni daktari. Ukifeli, unarudia mwaka wote wa ukaazi, na mpaka hapo huna kitu, hata nusu shahada ya kumwonyesha mama yako.

Na mimi katikati ya habari hiyo nikaolewa.

Mimi ni Demetria, Mhaya wa Bukoba. Mume wangu Brightson ni Mnyakyusa aliyekulia Chanika, kwenye nyumba aliyoijenga baba yake alipostaafu kazi ya reli. Mama yao alishafariki, kwa hiyo tunaishi na Mzee. Siku za wiki niko bwenini, mwisho wa wiki niko Chanika, jikoni.

Sasa, kwa wazee wao wanaoshika mila, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana. Hawaonani kwa macho. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na mke hataji jina la mkwe wake. Wanyakyusa wengi ninaowajua hapa mjini walishaachana na mambo hayo, wanakaa na wakwe zao sebule moja wakitazama mpira. Mzee wetu hakuachana nayo. Akitaka kupita anakohoa, vifupi viwili na kirefu kimoja, na mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Siku moja nilisimama nje kwenye mvua na mwiko mkononi mpaka amalize kutafuta miwani yake. Tangu niolewe sikuwahi kuiona sura yake. Nilimjua kwa masikio: kikohozi, ndala zikiburuzwa, kiti kikilia anapokaa.

Na kwa sahani. Chakula napika mimi, Brightson anampelekea, sahani inarudi jikoni. Ilipofika mwezi wa saba, sahani zikaanza kurudi zimejaa.

"Baba yako hali chakula changu," nikamwambia Brightson.

"Kala."

"Kala nini? Hizi ndizi si ndizo nilizopakua?"

"Labda chumvi imezidi kidogo."

Mtoto wa Bukoba niambiwe ndizi zimenishinda! Nilinuna Jumapili nzima. Kabla ya hapo Mzee alikuwa ameng'olewa jino, nikaagizwa kila kitu kipondwe kama cha mtoto, nikaponda. Sasa pengo limepona, ananirudishia sahani. Brightson naye kila nikifika nilimkuta anaanika shuka za baba yake, akilalamika kuwa chumba kile kina joto, na sisi wengine tunajifunika blanketi. Nikaona wanaume wa nyumba ile wote wana kasoro. Baadhi ya siku Mzee alivaa koti lake, akaaga kuwa anakwenda kufundisha. Kwa kuwa ni mzee wa kanisa, tulijua ni watoto wa kipaimara.

Siku ya mtihani ilikuwa Ijumaa. Kwenye mitihani hii wanaitwa wagonjwa maalumu, watu wenye ugonjwa wa kudumu ambao hali yao imetulia, na dalili zao zinasikika au kushikika vizuri. Hospitali inawajua kwa majina. Wanakuja, wanapewa chai na chapati, wanajilaza kitandani na kupimwa na vijana wanaotetemeka. Wengine wamezoea hadi wanajua nani atafeli kabla hajafungua mdomo.

Muuguzi Marietha akanipeleka kitanda cha mwisho, akasogeza pazia. Kabla sijaingia nikasikia kikohozi. Vifupi viwili, kirefu kimoja.

Sikufikiri. Miguu yangu ndiyo iliyofikiri. Niligeuka, nikapita kati ya vitanda, nikatokea mlango wa nyuma, na akili iliponirudia nilikuwa nimesimama kwenye kamba za nguo za hospitali, stethoskopu shingoni.

Marietha alinifuata anahema. "Dokta, unakimbia mtihani? Saa yako imeshaanza!"

"Yule ni nani pale kitandani?"

"Si yule babu wa moyo? Wa Chanika. Yule kila mtihani tunamuita, moyo wake unalia vizuri kuliko wote."

Kumbe ndiko anakofundisha. Na nyumbani hakuna aliyewahi kunitajia huo moyo. Nilitamani kamba ile ya nguo inimeze.

Nilimfuata Daktari Rukaiya, msimamizi wetu wa ndani, mwanamke wa Mtoni, mzaliwa kabisa, mwenye ulimi usiobembeleza mtu. Alikuwa kwenye korido na Profesa Theonest, mtahini aliyetoka chuo kingine. Nikawaamkia, nikaomba nibadilishiwe mgonjwa.

"Kwani hapa sokoni, unachagua nyanya?" akasema Daktari Rukaiya.

"Ni baba mkwe wangu, dokta."

"Haya, alhamdulillahi, historia yake si unaijua."

"Sijawahi kumwona."

"Mkweo? Hujawahi kumwona? Kwani wewe uliolewa kwa njia ya posta?"

Nikaeleza mila. Alinisikiliza mikono kiunoni. "Sie huku mkwe tunamstahi sana," akasema, "lakini hatumkimbii kama mgambo."

Profesa Theonest ni Mhaya mwenzangu. Nikadhani hilo litanisaidia. Alivua miwani akaifuta taratibu. "Sheria inakataza ndugu wa damu," akasema. "Mkwe si damu. Na wagonjwa wengine wote wameshagawiwa. Ni huyu, au urudi mwakani."

Mwakani! Mwaka mzima mwingine wa bweni lile linalonuka sabuni ya shuka, kwa sababu ya kikohozi. Nilirudi wodini nimekasirika kiasi cha kusahau kuogopa.

Nyuma ya pazia nikakuta shuka. Mzee alikuwa amejifunika gubigubi, kichwa mpaka miguu, amelala chali hata kidole hakionekani. Kitanda cha jirani alikuwepo mzee wa makamo, Bwana Mbwana, fundi cherehani, mgonjwa wa mtihani pia, huyu wa bandama. Zamu yake ilikuwa imekwisha, anamalizia chapati, na uso wake ulionyesha kuwa siku yake imegeuka kuwa nzuri.

"Dokta," akaniambia, "mkweo anasema samahani sana. Hakujua kama ungepangiwa yeye. Aliambiwa wewe uko wodi ya wazazi."

"Nilihamishwa," nikasema.

"Anasema angejua asingekuja. Kasikia sauti yako hapo nje kajifunika mwenyewe, mie nikadhani amekata roho."

Basi hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi namuuliza Mbwana, Mbwana analiuliza shuka, shuka linamjibu Mbwana, Mbwana ananijibu mimi, na kila akinijibu anaongeza lake.

"Muulize anasumbuliwa na nini."

Shuka likanong'ona kidogo.

"Anasema moyo. Mlango wa kushoto unavuja tangu ujana wake, alipataga homa ya viungo akiwa shuleni. Anasema ukiweka hicho kidude chako chini ya ziwa la kushoto utasikia mvumo, na huo mvumo unakimbilia kwapani. Wengi wanasahau kwapa. Na mie naongeza, huyo profesa wenu kwapa ndiyo maradhi yake, asubuhi kamuuliza kijana mmoja habari za kwapa, kijana nusura alie."

"Na dawa?"

"Anasema anakunywa zote, na amekutajia zote, lakini mie majina hayo siyawezi, nisogelee akutajie."

"Siwezi kusogea."

"Lo! Mwaka huu kuna kazi."

Muda ulikuwa unakwenda. Lakini kusema kweli jibu nilikuwa nalo. Mzee alikuwa amenipa kila kitu, kama alivyowapa wengi aliowaonea huruma. Ningeweza kukaa pale kwenye stuli hadi saa iishe, nisimguse, nisimwone, kisha niwaambie wasimamizi: mlango unavuja, mvumo unakwenda kwapani, hali imetulia. Ningefaulu. Mila ingebaki salama, na Jumapili ningerudi Chanika kupika ndizi zisizoliwa.

Ndipo Mzee akakohoa. Si kile cha kupita, cha kawaida tu. Kilikuwa kirefu, kikakatika katikati. Nikatega sikio. Pumzi zilikuwa za harakaharaka, fupifupi, za mtu aliyepanda ngazi, naye alikuwa amelala. Mimi ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa akimsikiliza yule mzee bila kumtazama, na kile kifua sicho nilichokijua.

Akatoa mkono chini ya shuka kutafuta glasi ya maji juu ya kabati. Mkono wa mtu aliyekonda. Chini ya kucha kulikuwa na vimistari vyekundu vilivyokoza, mithili ya vibanzi vya kuni vilivyoingia na kubaki humo.

Yote yakanijia. Sahani zilizojaa. Shuka zilizolowa kila wiki kwenye kamba. Jino. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu anafundishwa kuwa mwenye mlango mbovu wa moyo akiguswa meno, wadudu wa mdomoni wanaweza kuingia kwenye damu, wakaenda kujenga kwenye ule mlango, wakautafuna mpaka mtu anakufa. Mimi niliyefundishwa hayo nilikuwa jikoni nagombana na mume wangu kuhusu chumvi.

"Mwambie nataka kumgusa," nikamwambia Mbwana.

Mbwana akaacha kutafuna. "Hilo mwambie mwenyewe, mwanangu. Mie nina bandama tu."

Nikasogeza stuli hadi kitandani. "Baba," nikasema. "Tangu ung'olewe jino, usiku unatoka jasho?"

Mbwana akafungua mdomo, nikamnyooshea kidole akaufunga.

"Shuka zako naziona kwenye kamba, Baba. Sahani zako zinarudi kwangu. Niambie."

Kisha sauti ikaja, si kwa Mbwana, kwangu.

"Ndizi zilikuwa nzuri," akasema. "Zilikuwa hazipiti."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwangu tangu niingie kwenye ile nyumba. Nilitaka kulia, na nilitaka pia kumtikisa.

"Mbona hukusema kwa mtu?"

"Nimwambie nani? Daktari wa nyumba ni wewe."

"Na hawa je? Mwezi huu wamekusikiliza madaktari wangapi hapa?"

"Wengi," akasema. "Wanauliza mlango tu."

Hapo hasira ilinipanda mpaka masikioni, na sikujua nimkasirikie nani: yeye na mila yake, sisi na mitihani yetu tunaomwita mtu kwa ajili ya mvumo wake na kumrudisha Chanika na homa yake, au Brightson aliyeamini joto la chumba. Nikamwambia anisamehe, nitampima. Alilishika shuka kwa mikono miwili, akalivuta juu toka miguuni, mpaka kifua na tumbo vikabaki wazi na uso ukabaki umefunikwa. Hapo ndipo mwisho wa uwezo wake.

Ngozi ilikuwa ya moto. Nikabonyeza ncha za vidole vyake, akashtuka kwa maumivu. Nikapapasa chini ya mbavu za kushoto, nikalikuta bandama limevimba kuja kwenye vidole vyangu. "Karibu chamani," akanong'ona Mbwana. Nikasikiliza moyo. Mvumo wa zamani ulikuwepo, ukakimbilia kwapani kama nilivyoahidiwa, lakini ulikuwa mkali, umechafuka, na mapigo yalikuwa yanakimbizana.

Wasimamizi wakaingia. Profesa Theonest akasimama ghafla. "Huyu amefariki?"

"Hapana, profesa."

"Mbona amefunikwa uso?"

"Ndivyo alivyoomba."

Daktari Rukaiya akafumba macho kidogo, akaniashiria nianze. Maelezo huanza na jina la mgonjwa. Nikafungua mdomo, nikakwama. Nilikuwa sijawahi kulitamka hata peke yangu, hata bafuni.

"Sema tu," sauti ikatoka chini ya shuka. "Ufaulu, twende zetu."

"Mgonjwa anaitwa Kornelio Mwakajila," nikasema, na jasho likanitoka mgongoni. Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Nikataja jino, jasho, chakula kisichopita, kucha, bandama. Nikasema mlango wa moyo umeingiwa na maambukizi, achukuliwe damu kwanza, aanzishiwe dawa ya sindano, asirudi nyumbani leo.

"Mimi moyo huu nimeusikiliza mitihani mingi," akasema Profesa Theonest. "Ni mlango unaovuja. Basi. Hali yake imetulia."

"Haijatulia, profesa. Mguse."

Daktari Rukaiya alinitazama kwa jicho la kuniambia nimejichimbia kaburi. Profesa hakumgusa. Akauliza, "Ndani ya macho umeona nini?"

"Sijatazama."

"Kwa nini?"

"Sijaruhusiwa."

"Na nani? Mimi ndiye mtahini hapa!"

Nikajua mwaka umeondoka. Nikaanza hata kuliwaza lile bweni, kitanda changu kile kile cha juu.

Shuka likasogea. Vidole vyenye vile vibanzi vikalikunja taratibu, paji la uso, macho, pua, mpaka likafika kidevuni. Alikuwa na sura ya Brightson iliyochoka. Alitazama dari, hakunitazama mimi, na machozi yalikuwa yanamtoka kando.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

"Marahaba," akasema. "Haya, tazama."

Nikavuta ukope wa chini. Kulikuwa na vidoadoa vyekundu. Nikasogea pembeni ili Profesa aone. Aliinama, akaangalia macho, kisha kucha, moja baada ya nyingine, akaweka kiganja kifuani na kukiacha pale muda mrefu. Alipoinuka alimgeukia Marietha.

"Mtafutie kitanda," akasema. "Sasa hivi."

Nilifaulu. Waliniandikia kuwa nilichelewa kumtazama mgonjwa usoni, na hilo siwezi kulibishia.

Mzee alilazwa wiki nyingi, akidungwa sindano mpaka mishipa ikaanza kujificha. Zamu zangu nilipita kitandani kwake, nikamwamkia, akaniitikia, tukabishana. Alitaka kujua kila dawa inafanya nini. Alilalamika kuwa nimemharibia kazi, maana Daktari Rukaiya alimfuta kwenye wagonjwa wa mitihani. Mbwana alikuja kumtazama na kuniita mkalimani mwenzake. Nikamwambia Brightson kuwa yale ya kukimbilia nje na mwiko yamekwisha, namshukuru Mungu.

Jumapili ya kwanza aliporudi Chanika nilikuwa jikoni. Nikasikia kikohozi. Vifupi viwili, kirefu kimoja. Sikuondoka.

"Baba anapita," Brightson akasema.

"Apite. Si tumeshaonana?"

Brightson akaenda, akarudi anajikuna kichwa. "Anasema aliyemwona hospitali ni daktari. Wewe ni mke wa mwanawe."

"Brightson, nenda ukamwambie baba yako..."

"Mie simwambii kitu. Mwenyewe si unamjua."

Nilipiga mwiko ukutani. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikasimama karibu na kuku, nikisema maneno ambayo daktari hapaswi kuyasema. Ndala zikapita ndani zikiburuzwa. Nikajikuta nimetega sikio. Pumzi zilikuwa ndefu, za mtu asiye na haraka. Akakohoa tena pale mlangoni kuonyesha kuwa ameshapita, na kile kirefu kikafika mwisho wake.

Baadaye Brightson akaleta sahani. Haikuwa na kitu, hata mchuzi ulikuwa umefutwa kwa kipande cha ndizi.

"Anasema mwambie mke wako zimepita," akasema. "Na mwambie daktari nina swali kuhusu kile kidonge cheupe, atakuja lini."

"Mwambie kliniki ni Jumanne," nikasema, nikaipokea sahani nikaiosha.